Mafundo Yaliyorudi Bila Kufunguliwa

Saa kumi na robo alfajiri, mfuniko wa birika unaanza kutetema jikoni. Unatetema kidogo, unanyamaza, kisha unatetema tena, maana yuko mtu anayeubonyeza kwa kitambaa ili usiamshe watoto.

Mtu huyo ni bibi wa miaka sitini na mitatu, mwenye nyumba. Anayechemshiwa maji ni mke wa mwanawe, mwanamke wa miaka thelathini na sita ambaye kazini wanamwita Fundo. Tangu afanyiwe upasuaji miezi saba iliyopita, Fundo hajafanikiwa kumtangulia mama mkwe wake jikoni hata mara moja. Amejaribu. Siku moja aliamka saa tisa na nusu akidhani amempiga bao, akamkuta ameketi kwenye kigoda, birika liko motoni.

"Nilimwambia, mama, leo nimekuwahi," anasimulia Fundo akicheka. "Akanijibu, 'Umeniwahi kuamka. Kufika hujaniwahi.'"

Maji ni ya kuoga. Daktari alisema asibebe ndoo iliyojaa, na bibi aliyachukua maneno hayo kama amri ya kudumu, hata baada ya daktari mwenyewe kuilegeza.

Leo ni Jumatatu. Alhamisi, Fundo atakwenda kuchukua majibu ya picha za tumbo, picha za kwanza tangu amalize matibabu. Ndizo zitakazosema kama saratani imeondoka au imebaki. Katika nyumba hii hakuna anayeitaja Alhamisi kwa jina. Wanasema "siku ile".

Saa kumi na mbili kasoro robo anafungua kufuli la chumba cha kufulia nguo. Kiko nyuma kabisa ya hospitali, kati ya stoo ya vitanda vibovu na chumba cha maiti. Ndani mna mashine tatu. Moja ilikufa mwaka juzi, imefunikwa shuka, na mpiga pasi wa zamu, mzee ambaye kila mtu anamwita Pasi, huisalimia kila asubuhi.

"Shikamoo, marehemu," anasema leo huku akivua koti. Kisha anamgeukia Fundo. "Na wewe bosi, umeamkaje?"

"Salama, mzee wangu. Wewe je?"

"Mgongo uliamka kabla yangu. Nimeukuta umeshaanza kulalamika."

Kapu la nguo mbichi liko sakafuni. Fundo anainama, na kabla mkono wake haujafika, kapu limeshaondoka. Pasi amelibeba hadi mezani huku akiendelea na habari za mgongo wake, kama mtu ambaye hakufanya kitu. Amekuwa akifanya hivyo kila siku tangu Fundo aliporudi kazini, miezi minne sasa. Hajawahi kulisema, na Fundo hajawahi kushukuru kwa mdomo. Humwachia nusu ya chapati yake juu ya meza ya pasi, imefungwa kwa karatasi.

Kwa zamu moja chumba hiki hupitisha zaidi ya kilo mia mbili za nguo. Mashuka ya wodini ni kazi ya wote. Lakini seti za chumba cha upasuaji, kwa miaka kumi na miwili sasa, ni kazi ya Fundo.

Seti moja ni magauni mawili, mashuka manne makubwa na taulo sita. Zikishafuliwa na kupigwa pasi, yeye hukunja, huzifunga ndani ya vitambaa viwili vya kijani, kisha hukaza kwa utepe. Utepe huo ndio uliompa jina. Aliubuni mwenyewe ufungaji wake: fundo bapa, lenye mkia mmoja mrefu, ili muuguzi aweze kulifungua kwa kuvuta mara moja tu. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu, siku moja alipopeleka mzigo, muuguzi akihangaika na fundo gumu huku mgonjwa analia mezani.

Kila seti hubandikwa kibandiko chenye tarehe, namba ya chumba na aina ya upasuaji, halafu huingia kwenye tanuri la mvuke kuua vijidudu. Seti isiyotumika hukaa wiki mbili tu. Baada ya hapo hurudishwa hapa, hufunguliwa na kufuliwa upya, na kibandiko chake hutupwa kwenye kopo la maziwa ya unga hadi msimamizi aje kuvihesabu.

Shika habari ya vibandiko hivyo. Ndivyo vilivyomwokoa, kama ameokoka.

Fundo ni mtu wa ng'ambo. Ndivyo wenyeji wa mji huu wanavyowaita watu ambao babu zao walivuka mto kuja kutafuta kazi. Wengi wao ndio wanaofua, wanaochimba, wanaobeba. Fundo mwenyewe alizaliwa katika wodi ya wazazi ya hospitali hii hii, hatua mia mbili kutoka anaposimama sasa. Huo mto hajawahi kuuvuka hata siku moja. Lakini akifungua mdomo, matamshi ya kwao yanasikika, na kwenye fomu ya hospitali kuna mstari wa kabila. Kwa hiyo bado ni wa ng'ambo.

Mwaka jana alianza kutokwa na damu katikati ya mwezi. Alidhani ni uchovu. Pasi ndiye aliyemwona amekaa chini mara tatu kwa siku moja, akamwambia, "Binti yangu, hapa ni hospitali. Nenda kapime, nguo hazitakimbia."

Alipimwa. Walikata kinyama kidogo, wakakipeleka maabara, na baada ya wiki mbili akaitwa. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya kwanza. Uvimbe wa sentimita moja na nusu.

"Muuguzi aliyenipa majibu alinishika mkono muda mrefu," anakumbuka. "Aliniambia, 'Dada, umekuja mapema, hii inatibika.' Nilitoka pale naogopa, lakini lile neno 'mapema' nililishika kama tiketi."

Jumatano iliyofuata alionana na daktari wa magonjwa ya wanawake. Alivaa nguo yake ya kutokea, akafunga kilemba kipya. Daktari alikuwa amefungua faili tayari na hakuinua macho. Alimwambia chumba cha upasuaji kimejaa hadi mwezi wa tisa, kwa hiyo ataandikiwa mionzi. Foleni ya mionzi ilikuwa miezi mitano. Atapigiwa simu.

"Nikamuuliza, je, nikisubiri upasuaji? Akasema, 'Watu wenu kisu hamkipendi, mama. Mionzi itakufaa.' Nikasema asante."

Anakunja shuka, anainyoosha pembe kwa kiganja.

"Hiyo asante bado inaniuma. Nimetibiwa vitu vingi, hiyo haijapona."

Mkutano mzima ulichukua dakika sita. Anajua kwa sababu juu ya kichwa cha daktari palikuwa na saa ya ukutani.

Jioni ile alimweleza mama mkwe wake. Na hapa ndipo habari hii inapoacha kuwa ya mgonjwa mmoja mwenye bahati mbaya.

Bibi huyu ni mwenyeji wa mji, na wazazi wake pia. Miaka sita iliyopita alipatikana na ugonjwa ule ule, katika hatua ile ile, kwenye hospitali ile ile, na daktari yule yule. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa kidogo, sentimita mbili. Hakuambiwa chumba kimejaa. Aliketishwa, akaelezwa kwamba njia ni mbili, upasuaji au mionzi, akaulizwa anataka ipi, akapewa siku mbili za kufikiri. Alichagua upasuaji. Alifanyiwa siku ya ishirini na mbili.

Bibi alikwenda chumbani, akatoa cheti chake cha kutoka hospitali kwenye sanduku la nguo, akakiweka mezani kando ya karatasi ya Fundo. Sahihi ilikuwa moja. Alikaa na karatasi hizo mbili hadi chai yake ikaota utando.

"Nilimuuliza mwanangu, hebu nisomee tena, labda miwani inanidanganya," anasema bibi. "Akanisomea. Nikamwambia soma tena. Akasema, mama, hata nikisoma hadi kesho, zitabaki hivi hivi."

Bibi hafichi kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa upande wa wale wanaosema "watu wenu". Mwanawe, fundi viatu asiye na maneno mengi, alipoleta habari ya kumwoa Fundo, bibi aligoma.

"Nilimwambia, huyo wa ng'ambo akiingia, mimi natoka. Basi akaingia. Mimi nikaangalia huku na huku, pa kwenda sina, nikabaki." Anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Nilipokatwa mimi, nani aliniosha? Siku kumi na nne alinishika kwapani kunipeleka chooni, na mimi nilikuwa bado simwiti kwa jina. Sasa mimi niliyemdharau nimetibiwa, yeye aliyeniosha anaambiwa asubiri simu. Hiyo ni haki gani?"

Fundo alimwomba asilete ugomvi. Pengine chumba kweli kimejaa. Pengine daktari anajua zaidi. Alirudi kazini, akaweka simu yake juu ya dirisha la chumba cha kufulia, pale ambapo mtandao unashika, akaanza kusubiri. Pasi alimtengenezea kijisahani cha bati cha kuilaza isiloe mvuke.

Alisubiri wiki tisa.

Siku ambayo kila kitu kiligeuka ilikuwa Alhamisi ya kawaida. Mabunda ya kurudishwa yaliletwa kwenye toroli kama siku zote. Fundo alichukua la kwanza, akavuta mkia wa utepe ili alifungue. Akasimama na utepe mkononi.

"Mkono wangu unalijua fundo langu," anasema. "Lile lilikuwa kama nilivyoliacha. Hakuna aliyeligusa. Miaka yote nimefungua mafundo ya namna hiyo, sikufikiri kitu. Siku ile nikasoma kibandiko."

Kibandiko kilisema: Jumanne, chumba namba mbili, upasuaji wa kizazi.

Seti ile ilipelekwa kwa ajili ya mwanamke, na mwanamke hakuletwa. Kulikuwa na meza, kulikuwa na taa, kulikuwa na mashuka yaliyopigwa pasi, na hakukuwa na mtu juu yake. Katika chumba ambacho kimejaa hadi mwezi wa tisa.

Alikwenda kwenye kopo la maziwa, akalimwaga mezani. Pasi akazima pasi yake, akaja wakahesabu pamoja. Katika zile wiki tisa ambazo Fundo alikuwa akiitazama simu yake dirishani, seti tisa za upasuaji wa kizazi zilirudi bila kufunguliwa.

"Mzee alivipanga vibandiko kwa tarehe," anasema Fundo. "Halafu akaniambia, 'Hivi nitaandika vimelowa, vimeharibika. Wewe viweke kifuani.' Yule mzee tangu namjua hajawahi kudanganya hata siku moja, hata kuhusu umri wake."

Mchana huo alipanda masjala, mahali faili zinapotunzwa, akaomba kuona la kwake. Karani wa masjala ni kijana mpole mwenye wino kwenye mfuko wa shati. Sheria ya pale hairuhusu mgonjwa kusoma faili bila kibali. Karani alilitoa, akaliweka juu ya kaunta, akaligeuza lielekee upande wa Fundo.

"Dada, mimi naenda kunywa chai," alisema. "Faili hilo asilisome mtu. Mimi chai nainywa polepole."

Fundo alimaliza darasa la saba na anasoma vizuri. Ukurasa wa pili, kwenye mstari wa matibabu, aliona maneno mawili ya wino wa buluu: Amekataa upasuaji.

Alidhani ameshika faili la mtu mwingine. Akarudi mwanzo. Jina lake. Kabila lake. Kwenye kazi paliandikwa: Hana.

Kisha akaiona tarehe ya kukataa kwake. Ilikuwa Jumatatu. Daktari alimwona Jumatano.

Yaani alikataa siku mbili kabla ya kuulizwa, na alipofika, hakuulizwa.

Mtu anayefunga seti na kuzibandika tarehe kwa miaka kumi na miwili hakosei siku. Jumatatu ile alikuwa zamu ya kutwa. Alikuwa chini kule, nyuma ya stoo ya vitanda vibovu, akifua magauni ya madaktari.

Karani aliporudi na kikombe kilichokwisha zamani, alimkuta amekaa sakafuni. Hakumuinua. Alikaa naye pale chini, akamweleza jambo ambalo amekubali lichapishwe mradi asitajwe. Katika rafu ya mwaka ule kulikuwa na faili kumi na nne za wanawake wa ng'ambo waliopatikana na ugonjwa huo katika hatua ya kwanza. Kumi na moja ziliandikwa "amekataa upasuaji". Za wenyeji zilikuwa ishirini na mbili. Zilizoandikwa hivyo ni mbili.

"Mimi nilikuwa naziona tu," anasema karani. "Nikadhani kweli wanakataa. Sikuwahi kujiuliza mbona wanakataa kwa mwandiko mmoja."

Kesho yake, mama mkwe alivaa viatu ambavyo mwanawe alimshonea kwa ajili ya harusi ya ndugu, akamshika mke wa mwanawe mkono, wakaenda. Hawakuwa na miadi. Mlinzi wa mlangoni aliwauliza wanamtafuta nani. "Tunayemtafuta anajua," alijibu bibi, akapita.

Daktari alirudia maneno yake: chumba kimejaa. Fundo alitoa vibandiko tisa, akaviweka juu ya meza kimoja kimoja, kama mtu anayegawa karata.

"Hivi ni nini?" aliuliza daktari.

"Ni vibandiko vya seti zangu, daktari. Zilirudi hazijafunguliwa."

"Zako kivipi?"

"Mimi ndiye ninayezifunga."

Daktari alimtazama. Fundo anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomtazama usoni. Kisha akatazama faili, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa imeandikwa huna kazi."

"Na hapo imeandikwa alikataa kisu Jumatatu," bibi akadakia. "Jumatatu huyu alikuwa anakufulia gauni, daktari. Alikataa akiwa wapi, ndani ya mashine?"

Daktari alieleza kwamba wanawake wa ng'ambo kwa kawaida huogopa upasuaji, wengine huwa hawarudi kliniki, na kwamba kujaza mstari ule mapema kulikuwa kunaokoa muda.

"Muda wa nani?" aliuliza bibi.

Bibi akaweka cheti chake mezani, juu ya vibandiko. "Huyu hapa ni mimi, na hii hapa ni sahihi yako. Mimi kisu nilikiogopa hadi nikatapika kwenye mlango wako huo. Uliniita bibi, ukaniletea maji. Yeye ulimwona lini akiogopa?"

Kilele cha hasira za bibi kinakuja anaposimulia hayo leo. Anagonga goti lake kwa kidole. "Maji aliniletea mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa hiyo wema anao! Si kwamba hana. Anao, anaupima. Huyu kikombe, yule tone."

Sauti zilimfikisha mlangoni daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke aliyehamia hospitalini hapo mwezi ule. Aliomba faili, akalisoma akiwa amesimama, akamwomba Fundo waingie chumba cha pili. Huko alivuta kiti kikawa karibu na cha Fundo. Alimweleza njia zote mbili kwa kumchorea kwenye karatasi, kila njia na maumivu yake, kila njia na kinachopotea. Akamwambia akishakatwa hatazaa tena.

"Nikamwambia, daktari, nina wawili. Wananitosha, na mimi nitawatosha nikiwepo. Akauliza, 'Kwa hiyo unachagua nini?' Nikalia. Si kwa ajili ya kisu. Ni kwamba nilikuwa sijaulizwa."

Alifanyiwa upasuaji Jumanne, siku ya kumi na nane baada ya hapo. Wiki kumi na mbili tangu apewe majibu. Mama mkwe wake, kumbuka, alisubiri siku ishirini na mbili.

Seti iliyotumika aliifunga mwenyewe siku yake ya mwisho kazini kabla ya kulazwa. Pasi aliipiga pasi mara mbili na kuibeba hadi juu kwa mikono, hakuiamini toroli.

Laiti habari ingeishia hapo. Lakini uvimbe haukungoja kama Fundo alivyongoja. Ulikuwa umekaribia sentimita tatu, na katika tezi walizozitoa, moja ilikutwa na ugonjwa. Ikabidi apewe na mionzi pia, mara ishirini na tano, juu ya kidonda ambacho hakijakauka vizuri. Kile ambacho kingeweza kumalizwa kwa njia moja kilihitaji zote mbili.

"Siwezi kuapa kwamba tezi ile isingekutwa na kitu kama tungemfanyia mapema," anasema daktari bingwa. "Lakini wiki kumi na mbili ni nyingi kwa kitu kinachokua. Na ninachoweza kuapa ni hiki: mionzi ni tiba nzuri, upasuaji ni tiba nzuri, ila mwanamke anapaswa kuchagua yeye. Asichaguliwe na jina la ukoo wake."

Uongozi wa hospitali, ulipoulizwa na gazeti hili, ulisema kila mgonjwa hutibiwa kulingana na hali yake. Barua ya malalamiko ambayo Fundo aliandika kwa mkono, kurasa tatu, ilijibiwa kwa mistari miwili: suala limepokelewa na linashughulikiwa. Hiyo ni miezi sita sasa. Daktari yule bado yuko kazini. Magauni yake bado yanashuka kila Ijumaa, na Fundo bado anayafua.

Na anayafuaje?

"Nayafua vizuri," anasema, kama aliyeshangazwa na swali. "Gauni linakwenda kumgusa mgonjwa. Mgonjwa ana kosa gani?"

Wale wanawake kumi wengine, ambao nao "walikataa", ndio wanaomnyima raha. Karani hawezi kumpa majina yao, na yeye hakuyaomba. Lakini habari husafiri. Sasa wapo wanaozunguka nyuma ya hospitali, wakapita stoo ya vitanda, wakasimama mlangoni pa chumba cha kufulia wakiuliza, "Fundo ni nani?" Wiki jana walikuja watatu. Mmoja ni muuza maji wa miaka ishirini na tisa, bado yuko hatua ya kwanza.

Fundo huwapa kigoda, na Pasi huwapa nafasi kwa kujifanya ana kazi nje. Anachowaambia ni kifupi. Usiingie peke yako. Omba usomewe faili lako kwa sauti. Ukisikia neno "amekataa", uliza ni lini, na ulikuwa wapi.

"Nataka ule mstari uwe na sahihi ya mgonjwa mwenyewe, au dole gumba lake," anasema. "Ni hilo tu. Mimi siwezi kupeleka seti juu bila kuandika nani ameifunga na tarehe gani. Shuka lina heshima hiyo. Mwanamke akose?"

Ameandika barua ya pili. Karani ameipiga chapa bure, na daktari bingwa ameweka sahihi yake chini ya ile ya Fundo. Itasomwa kwenye kikao cha wakuu wa idara Jumanne ijayo. Amepanga kuomba ruhusa ya saa moja akasimame mlangoni.

"Kama siku ile itaniruhusu," anaongeza.

Saa kumi na moja jioni yuko nyumbani. Mumewe amekaa kizingitini na kiatu cha mtu magotini. Mwezi uliopita alimshonea Fundo ndala zenye soli nene laini, kwa sababu sakafu ya saruji ilimpanda hadi kiunoni. Hakumpa mkononi. Aliziweka mlangoni zikitazama nje. Anapoulizwa kuhusu Alhamisi, anauma uzi, anaukata.

"Nafunga kibanda siku hiyo," anasema. Anachoma sindano, anavuta uzi. "Na siku ya pili yake."

Ndani, bibi anamimina chai. Fundo anaonyeshwa kiti chenye mto, anakataa, anakalishwa. Wanabishana kidogo kuhusu nani atabeba mfuko siku ile, na nani ataingia kwa daktari. Bibi anasema wataingia wote, na daktari akitaka kuhesabu watu, ahesabu.

Mwandishi wa habari hii anaposimama kuaga, bibi anamfuata hadi nje, kitambaa cha birika bado begani.

"Uje Ijumaa," anasema. "Maji yanakuwa motoni tangu saa kumi, wewe njoo saa yoyote. Ukitukuta tunacheka, kaa unywe chai. Ukitukuta kimya, kaa zaidi."